Jinsi prosesa ya kompyuta inavyofanya kazi: mwongozo kamili wa kuifuata kwa kalamu na karatasi

Maelezo mengi kuhusu prosesa huanza kwa kuiita ubongo wa kompyuta, na hapo hapo msomaji hupotezwa njia. Ubongo hufikiri, prosesa haifikiri hata kidogo. Inasoma namba, inatenda kile ambacho namba hiyo inaamuru, kisha inasoma namba inayofuata. Picha, muziki, michezo na ujumbe unaopokea kwenye simu, vyote vimejengwa juu ya mzunguko huo mmoja unaorudiwa mara mabilioni kwa sekunde.

Kukariri majina ya sehemu zake hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kukaa mahali pa prosesa na kutekeleza programu ndogo kwa mkono wako, amri moja baada ya nyingine. Tutafanya hivyo kwa prosesa halisi: 6502 ya kampuni ya MOS Technology, iliyotoka mwaka 1975 na kutumika kwenye kompyuta za Apple II. Ina transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, kama 3,500 hivi, na mtu mmoja akitulia anaweza kuielewa yote. Prosesa za sasa zina mabilioni ya transista, lakini ukishaielewa hii ya zamani utaona kwamba sehemu kubwa ya hizo za ziada ziliwekwa kwa lengo moja tu: kupunguza kusubiri.

Hatua ya 1: Andaa karatasi

Gawanya karatasi pande mbili. Upande wa kushoto ni kumbukumbu, yaani RAM. Chora vyumba vyenye namba. Namba ya chumba ndiyo anwani yake. 6502 inaweza kutaja anwani kuanzia 0 hadi 65,535, na kila chumba kinahifadhi baiti moja. Baiti ina biti nane, na kila biti ni 0 au 1, kwa hiyo ndani ya chumba hutakuta kamwe namba iliyozidi 255.

Upande wa kulia ni ndani ya prosesa yenyewe. Chora visanduku vitatu: A, X na PC. Hizi ni rejista, sehemu chache mno za kushikia namba zilizo karibu kabisa na mahali hesabu inapofanyika. A ndiyo ya hesabu, X ni ya kuhesabia mizunguko, na PC hushika anwani ya kinachofuata kusomwa. Ongeza visanduku viwili vidogo vya biti moja moja, C na Z. Hizo ni bendera: C huinuka hesabu inapobeba, Z huinuka jibu linapokuwa sifuri. 6502 ina rejista na bendera nyingine, lakini kwa kazi yetu hizi zinatosha.

Sasa jaza kumbukumbu kuanzia chumba cha 1536:

1536: 169
1537: 5
1538: 24
1539: 105
1540: 3
1541: 141
1542: 0
1543: 2

Andika 1536 ndani ya PC. Namba hizo nane ni programu kamili. Ingiza kwenye 6502 ya kweli na itafanya kile kile utakachofanya wewe sasa hivi.

Hatua ya 2: Tekeleza

Mzunguko una sehemu tatu: leta, fasiri, tenda. Kila unaposoma chumba kimoja, PC inaongezeka kwa moja.

PC inasema 1536. Soma chumba hicho: 169. Kwa 6502, 169 maana yake ni "chukua namba inayofuata uitie kwenye A". PC sasa ni 1537. Soma, unapata 5. Andika 5 kwenye A. PC inakuwa 1538. Amri ya kwanza imekwisha na imechukua mapigo mawili ya saa, yaani midundo ya umeme inayoiongoza prosesa (tutaiona kwenye hatua ya 6).

Soma 1538: 24. Hii ni "shusha bendera C". Andika 0 kwenye C. Mapigo mawili.

Soma 1539: 105, yaani "jumlisha A na namba inayofuata, pamoja na bendera C". Soma 1540: 3. Sasa 5 na 3 na 0 ni 8. Futa 5 kwenye A, andika 8. Mapigo mawili tena. Hapa unaona kwa nini tuliishusha C kwanza: ingekuwa imesimama kutoka hesabu iliyotangulia, jibu lingekuwa 9. Kujumlisha na bendera kunaonekana usumbufu usio na maana, lakini ndiko kunakoiwezesha prosesa ya biti nane kushughulikia namba kubwa. Jumlisha 200 na 100: A haiwezi kubeba 300, kwa hiyo inabaki na 44 na C inainuka. Ukiendelea na baiti ya juu yake, ile moja iliyobebwa inaingia yenyewe.

Soma 1541: 141, "hifadhi A kwenye anwani itakayotajwa na baiti mbili zinazofuata". Soma 0, soma 2. Baiti ndogo hutangulia, kwa hiyo anwani ni 0 jumlisha 2 mara 256, yaani 512. Nenda chumba cha 512 upande wa kushoto, andika 8. Amri hii imechukua mapigo manne: matatu ya kusoma baiti zake na moja la kuandika.

PC imefika 1544, na jumla ni mapigo kumi. Kwa 6502 inayokwenda megahezi 1, yaani mapigo milioni moja kwa sekunde, kazi yote imekwisha ndani ya mikrosekunde 10.

Tazama tena vile vyumba nane. Hakuna kinachotofautisha amri na data. Ile 5 ni data kwa sababu tu ilisomwa mara baada ya 169. PC ingeelekezwa 1537 badala ya 1536, prosesa ingeichukua 5 kuwa ni amri na kuitekeleza bila kuuliza. Kuweka programu na data kwenye kumbukumbu moja ni wazo ambalo mwanahisabati John von Neumann aliliandika mwaka 1945 katika rasimu ya mashine ya EDVAC, na programu ya kwanza kuendeshwa kwa namna hiyo iliendeshwa Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948. Baadhi ya mashambulizi ya wadukuzi hadi leo hutumia mwanya huo huo: kuifanya mashine isome data ya mshambuliaji kana kwamba ni amri.

Hatua ya 3: Imejuaje kwamba 169 ni amri ya kutia?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, wakidhani ndani ya 6502 kuna orodha inayosomwa. Hakuna. Kuna nyaya.

Andika tatu kati ya amri zetu nne kwa biti (kutoka kulia, biti zina thamani ya 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila moja mara mbili ya iliyotangulia):

169: 101 010 01
105: 011 010 01
141: 100 011 01

Nimeziachia nafasi makusudi. Biti mbili za mwisho, 01, zinataja kundi la amri zinazohusu rejista A. Biti tatu za katikati zinasema namba itapatikana wapi: 010 ni "ipo hapa hapa, baiti inayofuata", na 011 ni "fuata anwani ya baiti mbili". Biti tatu za mwanzo zinasema kitendo: 101 ni kutia, 011 ni kujumlisha, 100 ni kuhifadhi. Kwa hiyo baiti ya amri ikishaingia, kila biti yake inakuwa waya wenye umeme au usio nao, na nyaya hizo zinakwenda moja kwa moja kufungua njia moja na kufunga nyingine. Amri 24 haiko kwenye kundi hilo; ni 00011000, na mwisho wake wa 00 unaielekeza kwingine.

Kinachofungua na kufunga ni transista. Ni swichi isiyo na sehemu inayosogea: ukiweka umeme kwenye mguu wake mmoja, mkondo unapita kati ya miguu mingine miwili. Panga mbili zifuatane kwenye njia moja, na mkondo utapita pale tu zote mbili zikiwashwa. Hilo ni lango la NA. Ziweke sambamba, na mkondo utapita yoyote ikiwashwa. Hilo ni lango la AU. Kutokana na malango ya namna hiyo, pamoja na lango la SI linalogeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1, unaweza kujenga kila kitu kingine kilichomo ndani ya prosesa.

Hatua ya 4: Kujumlisha bila kujua hesabu

Chukua 5 na 3 kwa biti nne, upange kama ulivyofundishwa darasani:

0101
0011

Anza kulia. 1 na 1 ni mbili: andika 0, beba 1. Safu ya pili: 0 na 1 na ile iliyobebwa: andika 0, beba 1. Safu ya tatu: 1 na 0 na 1: andika 0, beba 1. Safu ya nne: 0 na 0 na 1: andika 1. Umepata 1000, ambayo ni 8.

Kwa kila safu kuna maswali mawili tu: niandike nini, na je, nibebe? Ukiwa na biti mbili, unaandika 1 pale zinapotofautiana, na unabeba pale zote zinapokuwa 1. Maswali yote mawili yanajibiwa na malango machache. Pachika saketi nane za namna hiyo, kila moja ikimkabidhi jirani yake kilichobebwa, na una kijumlishi cha biti nane. Kitengo chenye kijumlishi hicho na ndugu zake, wale wa kulinganisha na kusogeza biti, ndicho kitengo cha hesabu na mantiki. Kutoa hakuhitaji mashine nyingine: geuza biti zote za namba inayotolewa, ongeza 1, kisha jumlisha.

Hatua ya 5: Kurudi nyuma

Programu iliyokwenda mbele tu isingekuwa na faida kubwa kuliko kikokotozi. Endelea kujaza kumbukumbu:

1544: 162
1545: 5
1546: 202
1547: 208
1548: 253

162 inatia 5 kwenye X. 202 inapunguza X kwa moja na kuinua bendera Z endapo jibu ni sifuri. 208 inasema: kama Z haikuinuka, ruka. Ruka kwenda wapi? Baiti inayofuata ni 253, na kwa amri hii 253 husomwa kama hasi 3, kwa kuwa 256 toa 3 ni 253. Wakati huo PC imeshafika 1549; toa 3, unarudi 1546, kwenye amri ya kupunguza. Fuatilia kwa kalamu: X itakuwa 4, 3, 2, 1, kisha 0. Hapo Z inainuka, mruko haufanyiki, na PC inaendelea na 1549.

Kuruka huchukua mapigo matatu, kutoruka mawili. Kwa hiyo jumla ni mapigo 26: mawili ya kutia, kumi ya kupunguza mara tano, kumi na mawili ya kuruka mara nne, na mawili ya mwisho. Usiipite kasi hatua hii. Kila "kama hivi basi vile" iliyomo kwenye programu ya 6502, hata iandikwe kwa lugha gani, kwa kawaida inaishia kuwa bendera na mruko wa namna hii.

Hatua ya 6: Saa, kuwasha na kukatizwa

Saa ya prosesa haitaji wakati. Ni mapigo ya umeme yanayoongozwa na kipande cha fuwele ya quartz, na kazi yake ni kama ya ngoma mbele ya wachezaji: haichezi yenyewe, ila bila yake kila mguu unakwenda kivyake. Kati ya pigo moja na jingine, ishara lazima zipite kwenye malango na kutulia. Ukiharakisha mapigo kupita kiasi, rejista zitahifadhi majibu ambayo hayajakamilika.

Wakati wa kuwashwa, PC haina kitu cha maana ndani yake, kwa hiyo 6502 imetengenezwa ianze kwa kusoma vyumba 65,532 na 65,533 na kuchukua humo anwani ya kuanzia. Prosesa nyingine nazo zina mahali pa kuanzia palipopangwa mapema.

Na kibodi inapobonyezwa katikati ya kazi? Kuna mguu wa prosesa unaopokea ishara ya katizo. Prosesa humaliza amri iliyo mkononi, huhifadhi PC na bendera kwenye kumbukumbu, huenda kuhudumia katizo, kisha hurejesha vile ilivyokuwa. Mfumo endeshi hutumia katizo la kipima muda kuzipokezanisha programu nyingi, na ndiyo maana zinaonekana kwenda pamoja hata kwenye prosesa moja.

Hatua ya 7: Kutoka 6502 hadi mashine yako

Kwa gigahezi 3, yaani mapigo bilioni 3 kwa sekunde, pigo moja huchukua theluthi ya nanosekunde (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri sentimita 10 tu. Jibu kutoka RAM huchukua takribani nanosekunde 80 hadi 100, yaani mapigo 240 hadi 300. 6502 ilisoma chumba kimoja kwa pigo moja bila shida. Prosesa ya leo, ingejengwa vile vile, ingekaa bure karibu muda wote.

Tiba ya kwanza ni kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya chipu yenyewe, yaani kile kipande kidogo kilichobeba prosesa. Ile ya ngazi ya kwanza ina makumi machache ya kilobaiti kwa kila kori (prosesa moja kati ya kadhaa zilizomo ndani ya chipu) na hujibu kwa mapigo kama manne au matano. Ya pili ni kubwa na ya polepole zaidi. Ya tatu ina megabaiti kadhaa na hujibu kwa makumi ya mapigo. Ukiomba baiti moja, prosesa nyingi huleta mstari mzima wa baiti 64, kwa kudhani kwamba utawahitaji majirani zake.

Tiba ya pili ni kuingiliana kwa kazi: amri moja ikiwa inatendwa, inayofuata inafasiriwa na nyingine inaletwa. Dalili za jambo hilo zilikuwamo hata kwenye 6502, ambayo humalizia jumla ya amri ya 105 huku ikileta amri inayofuata. Za leo huleta amri kadhaa kwa pigo moja na kuzitekeleza nje ya mpangilio pale ambapo moja haitegemei nyingine.

Lakini vipi kuhusu ule mruko wa 208? Kabla Z haijajulikana, prosesa haijui amri gani ije baadaye. Haisubiri, inabashiri kwa kutazama mruko huo ulivyokwenda huko nyuma, na inaanza kutenda. Ikipatia, imeokoa muda. Ikikosea, inatupa kazi yote hiyo na kupoteza mapigo 15 hadi 20 hivi. Kwa kitanzi kirefu, yaani amri zinazorudiwa kama zile za hatua ya 5, ubashiri hupatia karibu kila mara. Januari 2018 udhaifu uliopewa majina ya Spectre na Meltdown ulitangazwa: kazi iliyotupwa ilikuwa imeacha alama kwenye kache, na kwa kupima muda wa kusoma mtu aliweza kudokoa siri za programu nyingine. Kwangu mimi hilo ndilo somo zuri kuliko yote kuhusu prosesa, maana huwezi kulielewa bila kuelewa kache na ubashiri kwa pamoja.

Kuhusu kori nyingi nitasema machache. Kasi ya saa iligonga ukuta wa joto. Pentium 4, prosesa ya kampuni ya Intel, ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004 na Intel ikafuta mpango wa kuuza ya gigahezi 4. Transista zilizoendelea kuongezeka zikatumiwa kutengeneza prosesa kadhaa ndani ya chipu moja. Kori nane hazimaanishi kasi mara nane: ikiwa sehemu moja kati ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata kori elfu moja hazitaifikisha mara kumi.

Hatua ya 8: Ione kwenye kompyuta yako

Kwenye Linux andika `lscpu`. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua ukurasa wa utendaji. Angalia idadi ya kori, kasi, na ukubwa wa kache L1, L2 na L3, yaani za ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukiona idadi ya prosesa ni mara mbili ya kori, kila kori inashika programu mbili ili moja ikisubiri nyingine itumie nafasi.

Kisha pima kusubiri kwenyewe. Katika lugha ya C, tengeneza jedwali la namba za baiti nne, safu 4,000 kwa 4,000, ambalo litachukua megabaiti 64. Lijaze kwanza, la sivyo Linux haitatenga kumbukumbu halisi na kipimo kitakudanganya. Andika programu mbili za kulijumlisha:

`for (i = 0; i < 4000; i++) for (j = 0; j < 4000; j++) s += a[i][j];`

`for (i = 0; i < 4000; i++) for (j = 0; j < 4000; j++) s += a[j][i];`

Chapisha `s` mwishoni ili kompaila, programu inayogeuza ulichoandika kuwa amri za prosesa, isiifute hesabu kwa kuona haitumiki, na usiiruhusu iboreshe zaidi ya `-O1`. Programu ya kwanza inapita namba zilizopakana, kwa hiyo kila mstari wa baiti 64 unaipa namba 16. Ya pili inaruka baiti 16,000 kila hatua. Inaleta mstari, inachukua namba moja, na mara nyingi ikirudi inakuta mstari umeshaondolewa kwenye kache ya kwanza.

Endesha kila moja kwa `perf stat -e cycles,instructions,branch-misses` ikifuatiwa na jina la programu; `perf` ni chombo cha Linux cha kuhesabu matukio ya prosesa. Idadi ya amri itakaribiana sana, kwa kuwa hesabu ni ile ile. Mapigo ndiyo yatakayoachana, kwenye mashine nyingi kwa mara kadhaa. Gawanya amri kwa mapigo uone kila pigo limezalisha amri ngapi, halafu pima hivyo hivyo programu yako mwenyewe inayokusumbua kwa uzito. Ikitoa chini ya amri moja kwa pigo huku miruko iliyobashiriwa vibaya ikiwa michache, anza kuchunguza jinsi data yako ilivyopangwa kwenye kumbukumbu. Ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya nyingine, `perf` wakati mwingine hukataa kuhesabu mapigo. Hapo tumia `time`, na tofauti ya sekunde bado utaiona.